Umepewa Kitengo cha Masoko Chuoni? Wafuasi Wasiwe Lengo Lako la Kwanza

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji aliyechaguliwa kuongoza kitengo cha masoko katika chama cha wanafunzi chuoni kwake. Aliandika: "Shikamoo kaka. Jumatatu tuna kikao cha kwanza cha kamati na kila kitengo kinatakiwa kije na malengo. Mimi nimeandika kukitangaza chama, kuongeza wanachama, na kufikisha wafuasi 5,000 mtandaoni. Yanatosha?"

Marahaba mdogo wangu. Hayatoshi. Ila umefanya vizuri kuuliza kabla ya kikao, kwa sababu malengo yakishaingia kwenye muhtasari hakuna atakayeyagusa tena mpaka siku ya kusoma ripoti, na siku hiyo kila mtu atakuwa anatafuta wa kumlaumu.

Nilishika kitengo kama chako. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kuonekana: picha nzuri, mabango makubwa, wafuasi wengi. Kwenye kikao cha kupanga mwaka mimi nilileta lengo moja tu. Nilisema nataka nusu ya wageni wanaohudhuria mkutano wetu wa kwanza warudi kwenye wa pili. Walicheka. Mmoja akasema hiyo ni kazi ya katibu na masoko yashughulike na matangazo. Mwenyekiti akatabasamu, akaandika "kuongeza umaarufu wa chama", tukasonga mbele kwenye ajenda ya fulana. Fulana zilichukua muda mrefu kuliko malengo yote kwa pamoja. Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya wanafunzi, unalijua hilo bila mimi kukuambia.

Sikubishana. Nilibaki na lengo langu kimyakimya. Mlangoni tuliweka daftari, na kila aliyeingia aliandika jina, mwaka wa masomo na namba ya simu, halafu akajibu swali moja: umetusikia wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa chama mali ni watu. Tulipokaa kusoma majibu, mabango hayakuwa na lolote la kujivunia. Watu walikuja kwa sababu mwenzao wa darasani aliwaambia "twende", au kwa sababu mwakilishi wa darasa alisimama dakika moja kabla ya kipindi akatangaza. Ukurasa wetu wa mtandaoni ulitajwa na watu wachache sana, na wengi wao walikuwa tayari ni wanachama.

Basi tukaacha mabango. Fedha yake ikaenda kwenye mambo madogo ambayo hayapigiwi picha. Kila mgeni alipigiwa simu au kuandikiwa ujumbe kwa jina lake kabla ya mkutano wa pili. Wawakilishi wa madarasa tuliwapa tangazo fupi lililokwisha kuandikwa, wasihangaike kutunga. Mkutano wenyewe tukaufupisha, hotuba za viongozi zikapunguzwa (hilo liliwauma baadhi ya watu), na wageni wakapewa kitu cha kufanya siku hiyohiyo. Wakarudi. Walirudi zaidi ya nusu, na waliorudi ndio waliogombea uongozi mwaka uliofuata.

Siku ya kukabidhi ofisi, mwenyekiti alisoma ripoti. Mafanikio ya wanachama yalitajwa kama "juhudi za uongozi mzima chini ya maono ya mwenyekiti". Jina la kitengo changu halikutajwa hata mara moja. Nilipiga makofi kama wengine. Ninaandika hapa nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu, na bado aya ile ya ripoti naikumbuka neno kwa neno. Tuendelee.

Kwenye semina za uongozi wengi wetu tulifundishwa kanuni ya SMART: lengo liwe mahususi, lipimike, lifikike, liendane na kusudi, liwe na muda. Aliyeiandika ni George Doran, katika jarida la Management Review, Novemba 1981, na katika orodha yake nafasi ya tatu haikuwa ya kufikika. Pale alitaka lengo lionyeshe nani atalifanya. Kamati za wanafunzi hufia hapohapo. "Kitengo kitaongeza wanachama." Kitengo ni nani? Mtihani ukikaribia, kitengo kinakuwa wewe peke yako usiku, na simu za wenzako zimezimwa. Kila lengo liwe na jina la mtu mmoja mbele yake. Wasaidizi wawe hata kumi, lakini atakayesimama kujibu awe mmoja. Na usijitese kutaka kila lengo litimize vigezo vyote vitano, Doran mwenyewe alisema haitawezekana kila mara.

Usiogope pia lengo kuwa gumu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, aliandika mwaka 1968, na kisha akaendelea kwa miaka mingi pamoja na Gary Latham, kuonyesha kwamba lengo mahususi lenye ugumu humfanya mtu afanye vizuri zaidi kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Masharti yapo. Mtu awe amelikubali lengo, awe na uwezo wa kulifanya, na apate mrejesho njiani. Sasa jiulize, timu yako ya masoko ililikubali lini lengo la wafuasi 5,000? Uliliandika peke yako chumbani. Waite, uwaulize, wabishane nawe, mpunguze au mwongeze namba, ndipo litakuwa lao.

Kuna jambo ambalo viongozi wapya hawapendi kulisikia. Kama hamjawahi kufanya masoko, msianze na lengo la matokeo. Anzeni na lengo la kujifunza: "Kufikia mwisho wa wiki ya nne, Fulani atuletee njia tatu zilizoleta wageni wengi kuliko nyingine, na ushahidi wa daftari." Halionekani la kishujaa kwenye kikao. Lakini muhula wa pili utakuwa unapanga kwa kujua, wakati wenzako wanapanga kwa kubahatisha.

Na hao wafuasi. Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alisema kwamba uhusiano wa takwimu uliozoeleka huelekea kuvunjika pale unapougeuza kuwa chombo cha kudhibiti. Wewe huna benki kuu, una ukurasa wa chama, lakini ugonjwa ni uleule. Ukiwaambia vijana wako watapimwa kwa wafuasi, watakuletea wafuasi. Watawaomba binamu zao, watafuatana na kurasa za vyuo vingine, watafanya shindano la zawadi ambalo washindi hawajui hata chama kinahusu nini. Namba itafika, na ukumbi utakuwa mtupu. Nimekaa kwenye ukumbi wa namna hiyo nikiwa mgeni mwalikwa wa chama kingine, viti vimepangwa mpaka nyuma, na mtangazaji anasema "tusubiri kidogo watu wako njiani". Hawakuwa njiani.

Vijana wenzangu, uongozi chuoni umegeuzwa jukwaa la kujipiga picha. Mtu anagombea ili aandike kwenye wasifu wake, anashinda, kisha anatafuta namba ya kuonyesha kabla muda haujaisha. Wanachama waliompa kura wanabaki kuwa mandhari ya picha zake. Ukiongoza hivyo utapata cheti, na hakuna atakayekunyang'anya. Lakini mwajiri mwenye akili atakuuliza swali moja tu: nini kilibadilika ulipokuwepo? Na ukijibu "wafuasi", atakuuliza la pili.

Turudi kwa msomaji wangu na Jumatatu yake. "Kukitangaza chama" kifute, hakuna siku utakayosema kimeisha. "Kuongeza wanachama" kiandike upya, utaje ni wa mwaka gani wa masomo, wanaingia wakati gani wa muhula, na utahesabu nani: waliojaza fomu au waliohudhuria mara mbili? Mimi ningehesabu wa pili. Tarehe ya mwisho iweke kabla ya wiki za mitihani, kwa sababu baada ya hapo huna timu. Katikati ya muhula panga kikao kifupi cha kusoma daftari tu, kisicho na ajenda nyingine, na hasa kisicho na ajenda ya fulana.

Wakikucheka, usiondoe lengo. Mwombe katibu aliandike kwenye muhtasari pamoja na jina lako, na kila mwisho wa mwezi tuma namba kwa kamati nzima kwa maandishi, ziwe nzuri au mbaya. Mimi nilikuwa namwambia mwenyekiti kwa mdomo, tukiwa tunatembea. Na wafuasi wape mstari wa mwisho wa taarifa hiyo, chini ya mahudhurio, bila shabaha yoyote mbele yao.