Gari ya zamani ikigoma kuwaka, isikilize kwanza kabla hujanunua kitu

Jamani, kama una gari yenye umri mkubwa na asubuhi moja imegoma kuwaka, naomba usikimbilie kununua betri. Mimi nilinunua, na stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha) nikanunua juu yake, gari ikawaka siku mbili tatu halafu ikarudi palepale. Kumbe kosa lilikuwa waya mmoja tu, ule wa ethi unaotoka temino hasi ya betri (kichwa chenye alama ya −) kwenda kwenye injini.

Kwa nje waya ulikuwa mzima kabisa. Nilikuja kuushtukia siku nimepiga stata mara kadhaa halafu nikaupapasa kwa mkono, pale kwenye kichwa chake upande wa injini ulikuwa wa moto na kwingine kote wa baridi. Nikachana ganda kwa kisu, ndani nyuzi za shaba zimeshageuka unga wa kijani, nzima zimebaki chache mno. Stata inavuta ampea zaidi ya 100, huo umeme haupiti kwenye nyuzi chache hivyo, lakini taa na redio zinakula umeme mdogo kwahiyo zilikuwa zinafanya kazi vizuri tu na mimi nikaamini waya hazina shida.

Kwahiyo swali la kwanza ni hili: ukiwasha, injini inazunguka au haizunguki? Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, usizichanganye.

Kama haizunguki, washa taa kubwa za mbele halafu piga stata huku unaziangalia. Zikizimika kabisa au kufifia sana na unasikia tatatatata, betri imeisha au temino zimelegea au zina kutu nyeupe. Zikififia kidogo ukasikia "tak" moja, shuku stata yenyewe au waya zake nene. Zikibaki na mwanga uleule na kimya, umeme wa kuamrisha stata haufiki, angalia fyuzi, relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo, na kama gari ni ya gia otomatiki jaribu kuwasha ikiwa N (nyutro) badala ya P (paki), swichi ya kwenye gia huwa inachoka.

Nunua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, hata ile ndogo kabisa. Betri iliyojaa na iliyopumzika inasoma kama volti 12.6, ikiwa 12.2 hiyo iko nusu. Mtu akupigie stata wewe ukitazama, ikishuka chini ya 9.6 na ilikuwa imejaa basi betri imechoka kweli. Halafu fanya kile ambacho mimi sikukifanya, weka ncha moja kwenye temino hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, apige tena, ukiona zaidi ya nusu volti basi waya wa ethi una shida. Upande wa chanya pima vilevile, kutoka temino ya betri mpaka bolti ya stata, ila uwe mwangalifu huko kuna feni na mikanda na gari hakikisha iko N na breki ya mkono imevutwa.

Ikiwa inazunguka vizuri lakini haishiki, tafuta moto (yaani cheche za plagi) na mafuta. Kwa gari za injeksheni, weka ufunguo ON bila kuwasha, nyingi utasikia pampu ikinguruma huko kwenye tangi kama sekunde 2. Kimya? Anza na fyuzi na relei ya pampu kabla hujafikiria pampu yenyewe. Toa plagi moja uiangalie baada ya kupiga stata kidogo: imelowa petroli, maana yake mafuta yanafika na moto ndio wa kuutafuta (au umezidisha mafuta mwenyewe kwa kupigapiga), imetoka kavu, mafuta hayafiki. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, iache ipoe kwanza.

Na ukisikia injini inazunguka kwa wepesi na haraka kuliko ulivyoizoea, yaani kama haina mzigo, acha hapohapo usipige tena. Huenda mkanda wa taiming (unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake) umekatika na kwenye baadhi ya injini ukiendelea unapinda valvu.

Kuna inayosumbua watu sana, gari inawaka asubuhi fresh, ukizima ikiwa ya moto haiwaki mpaka ipoe nusu saa. Sensa ya krankishafti (inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka) ikizeeka inafanya hivyo hasa, ikipata joto inapotea na ikipoa inarudi, kwahiyo ukiifikisha kwa fundi imeshapoa hataona kosa lolote. Mwambie ilizimwa ikiwa ya moto, ilikaa muda gani ndio ikawaka, na plagi ulizikuta kavu au zimelowa, atajua aanzie wapi.