Maswali na Majibu: Simba, punda na mbwa wa vita

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba timu fulani ya vijana ni "simba wanaoongozwa na punda". Maneno manne tu. Tangu siku hiyo nimepokea maswali mengi kuliko nilivyopokea mwaka mzima kuhusu ngeli. Nayajibu machache.

Mwalimu, shikamoo. Usemi huo wa simba na punda ni wa Kiswahili kweli, au umeuokota? (Morogoro)

Marahaba. Nimeuokota. Waingereza ndio wanaoupenda, hasa wakizungumzia Vita Kuu ya Kwanza: simba ni askari wa mahandakini, punda ni majenerali waliokaa nyuma na ramani zao wakiwaamuru wenzao watoke kuikabili bunduki ya rashasha. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme kule Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliokufa pekee ni 19,240. Siku moja hiyo.

Aliyeupa usemi huu mbio ni Mwingereza Alan Clark, kwa kitabu chake cha 1961 alichokiita *The Donkeys*, yaani Punda. Ukurasa wa mwanzo una majenerali wawili wa Kijerumani, Ludendorff na Hoffmann. Mmoja anasema Waingereza wanapigana kama simba. Mwenzake anamjibu kuwa ni kweli, ila ni simba wanaoongozwa na punda. Maneno matamu. Kasoro ni kwamba Clark alidai ameyatoa katika kumbukumbu za Jenerali Falkenhayn, Mjerumani mwenzao, na waliokwenda kuzifungua kumbukumbu hizo hawakuyaona.

Usemi wenyewe lakini ni mkongwe kuliko Clark. Ulishasemwa juu ya Wafaransa walipochapwa na Waprusia mwaka 1870 na 1871. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, akimnukuu Chabrias, jemadari wa Athens: jeshi la paa likiongozwa na simba linatisha kuliko jeshi la simba likiongozwa na paa. Kwa hiyo punda ni mgeni katika sentensi hii. Mwanzoni aliyetukanwa ni paa.

Niongeze jambo kwa haki: majenerali wa Kiingereza zaidi ya 70 walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Si wote waliokuwa wakinywa chai nyuma.

Sema ukweli. Ulikuwa unaisema Simba yetu? Na punda ni nani, kocha au mwenyekiti? (Temeke)

Ndugu yangu, hapana. Niliandika simba kwa herufi ndogo. Mhariri wangu ni Yanga na hata yeye alilikagua hilo mara mbili.

Je, sisi Waswahili hatuna methali yetu ya maana hiyohiyo? (Voi)

Nimeitafuta, sijapata inayokaa sawasawa. "Samaki huoza kuanzia kichwani" inakaribia, ila samaki huyo anaoza wote, hana ushujaa wowote mwilini. Ya uongozi tunayo mengi, lakini tumeyatoa baharini. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mzee wa pwani alimwona kiongozi mbaya kwenye usukani, hakumwona juu ya farasi. Punda naye kwetu hayumo kabisa katika uongozi. Yeye ni wa mzigo: punda afe, mzigo ufike. Ndiyo maana hata magazeti yakiandika juu ya mtu aliyekamatwa uwanja wa ndege na dawa za kulevya tumboni humwita punda, na kila msomaji anaelewa kwamba mwenye mali hayupo pale.

Huoni unamwonea punda? Mimi nimefuga punda miaka mingi, ana akili kuliko farasi. (Lamu)

Nakubali, tena wewe wa Lamu ndiye wa kuniambia. Nimewahi kusimama kwenye kichochoro cha mji wako, mgongo ukutani, kumpisha punda aliyebeba matofali pande zote mbili. Hakuna aliyemshika kamba. Alifika kwenye kona, akapunguza mwendo, akapinda kiuno ili mzigo usikwaruze ukuta, akapita. Mwenye punda alikuwa nyuma kabisa anaongea na simu.

Tunachokiita ubishi wa punda mara nyingi ni hesabu: farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama kwanza aone. Na vitani ametumika vizuri. Kule Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915 mbeba machela wa jeshi la Australia, John Simpson Kirkpatrick, alikuwa akiwapandisha majeruhi juu ya punda na kuwateremsha pwani chini ya risasi. Alifanya hivyo wiki tatu na ushei, akauawa tarehe 19 Mei. Waaustralia wamewachongea sanamu wote wawili, mtu na punda wake.

"Mbwa wa vita" maana yake nini? Nimeisikia kwenye redio ikisemwa juu ya askari wa kukodiwa. (Bukavu)

Inatoka kwa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na wengi tukaisoma kama *Juliasi Kaizari*. Antonio amesimama juu ya maiti ya Kaizari, anatabiri kwamba roho ya marehemu itapiga ukelele na kuwafungulia mbwa wa vita. Ukelele wenyewe, "havoc", ulikuwa amri ya kijeshi ya zamani: ukiitwa, askari wanaruhusiwa kupora. Mfalme Richard wa Pili aliupiga marufuku katika jeshi lake mwaka 1385, na adhabu yake ilikuwa kukatwa kichwa. Mbwa hapo ni njaa, moto na upanga. Maana ya askari wa kukodiwa imekuja baadaye sana.

Kiswahili hakihitaji mbwa hapa. Tunalo neno mamluki, kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni "anayemilikiwa". Mamluki wa kwanza walikuwa watumwa walionunuliwa wakafunzwa kupigana juu ya farasi, mpaka wakawageuka mabwana zao na kuitawala Misri kuanzia 1250 hadi 1517. Tazama neno lilivyogeuka: aliyekuwa mali ya mtu sasa ni yule anayejiuza mwenyewe.

Na nyie wa Kivu mna habari yenu. Mwaka 1964 waasi wa mashariki ya Kongo walijiita Simba, wakapewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, wakaingia vitani wakiita "Mai Mulele!", yaani maji ya Mulele, kiongozi wa uasi. Serikali ya waziri mkuu Tshombe ikaleta mamluki walioongozwa na Mike Hoare. Hapo simba na mbwa wa vita walikutana uso kwa uso, na wote walikuwa watu.

Kwa nini kwetu hakuna misemo ya farasi wa vita? (Dodoma)

Kwa sababu ya mbung'o. Farasi wa vita Afrika Mashariki alikuwa hakai. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alileta wapanda farasi kutoka Afrika Kusini kuwafukuza Wajerumani. Kikosi cha jenerali wake, van Deventer, kilikwenda mbio hadi Kondoa Irangi mwezi Aprili, na njia nzima wakaacha mizoga. Mbung'o akishamuuma farasi anamwachia nagana: homa, kukonda, macho kutoa machozi, kisha anaanguka. Ng'ombe wa kukokota magari nao vilevile.

Jeshi lisilo na mnyama linabebwa na nani? Likabebwa na watu. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wapatao milioni moja, wengine kwa hiari, wengi kwa kukamatwa vijijini, na waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Kwenye mnara wa Nairobi wa mwaka 1928 mpagazi amesimama pamoja na askari, na maandishi ya chini yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalitengeneza. Nairobi likawa Kariokor. Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuchukua mji Septemba 1916, mahali wapagazi walipopiga kambi pakaitwa Kariakoo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Temeke, nikirudi kwako: Simba mwenye herufi kubwa anakaa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kitongoji cha wabeba mizigo. Yanga naye ni jirani yake.