Klauni wawili wakubwa hawapatani: yupi dume, yupi jike?

SWALI: Mtaalamu, nina tangi la maji ya bahari nyumbani Mbezi. Nimenunua samaki klauni wawili wakubwa, kila mmoja kwa muuzaji wake. Niliambiwa mwenye rangi kali ndiye dume. Sasa wanapigana, mmoja mapezi yamechanika. Nataka wazaliane. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza watenganishe leo hii. Weka plastiki yenye matundu katikati ya tangi, la sivyo kesho utaokota maiti. Kwa maelezo yako, una majike wawili.

Kwa klauni, rangi haikwambii kitu; cha kuangalia ni ukubwa. Wote huzaliwa bila jinsia iliyokamilika. Kwenye kundi, mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ndiye dume, wengine hubaki wadogo na hawazai. Jike akifa, dume hugeuka jike na mdogo mmoja hupanda nafasi ya dume. Akishakuwa jike, harudi tena. Kwa hiyo umewaweka mama wenye nyumba wawili chini ya paa moja. (Samaki pono unaowaona soko la Feri ni kinyume: wengi huanza majike, madume huja baadaye.)

Hakikisha pia ni wa aina moja. Pwani yetu ina Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mweupe mgongoni, na A. allardi, mwenye mikanda miwili myeupe ubavuni. Usiwachanganye.

Baki na mmoja mwenye afya, mwingine mbadilishe kwa mtoto wa nusu ya ukubwa wake au chini zaidi. Ila usimtume mtu akamvue kwenye visiwa vya Mbudya wala Bongoyo. Maji yale ni hifadhi tangu 1975. Mgeni akae siku chache kwenye kikapu cha plastiki ndani ya tangi, waonane bila kugusana. Ukimwachia, kaa uangalie. Mkubwa akimsogelea, mdogo akalala ubavu na kutetemeka mwili mzima, furahi: amekubali kuwa chini. Kudonolewa kidogo si neno. Akifukuzwa mpaka akaganda kwenye kona juu ya maji, mtoe.

Baada ya hapo ni subira, miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka mdogo akiwa bado mchanga. Waegemezee kigae cha chungu kisichopakwa rangi. Ukiona wanakisugua kwa midomo, kutaga kumekaribia. Hita kwa Dar si shida, shida ni joto la Februari: elekeza feni juu ya maji, na yanayopungua yajazie maji yasiyo na chumvi wala klorini.

Mayai huwa ya rangi ya chungwa, kisha macho ya fedha huonekana ndani. Dume ndiye huyapepea. Kwenye nyuzi 27 huanguliwa baada ya wiki hivi, usiku, taa zikishazimwa. Vifaranga hao hawawezi kumeza artemia (vijikamba vidogo vya kulishia samaki) siku za mwanzo, wanataka rotifa hai (vijidudu vya majini vidogo zaidi), tena wengi. Hapo ndipo wengi hupoteza uzao wote. Anza kufuga rotifa kwenye ndoo ya pembeni kabla yai la kwanza halijaonekana.