Sisimizi walijua kabla yetu

Aliyegundua kisukari cha binti yangu ni bibi yake mzaa baba, naye alielekezwa na sisimizi.

Tulikuwa tunakaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya kupanga yenye choo cha uani. Mwaka 2016, mtoto ana miaka 9. Kukojoa kitandani alikuwa ameacha kabla hajaanza darasa la kwanza, mara akaanza tena. Nikamchapa. Nalisema wazi kwa sababu nimesoma makala nyingi za wazazi ambao hawakukosea popote, na hazikunisaidia kitu. Nilimchapa, nikamkataza kunywa maji baada ya magharibi, naye akawa anaamka usiku kwa kunyata kwenda kuchota kwenye pipa. Sare ya shule ikawa inamning'inia kama imetundikwa msumarini. Jirani mmoja akasema mtoto ana jini la maji. Tukaenda zahanati mara mbili: ya kwanza tukarudi na dawa za malaria, ya pili tukarudi na dawa za U.T.I. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba siku ile ya malaria kidole kilitobolewa na damu ikatoka. Tone jingine la damu hiyohiyo lingetosha.

Asubuhi moja mama mkwe alitoka uani ameshika kiuno. "Mbona sisimizi wamejaa pale anapokojoa huyu mtoto?" Marehemu mumewe aliugua sukari, kwa hiyo jambo hilo, la sukari kutoka na mkojo na kuwavuta sisimizi, hakulisikia kwa watu. Jirani akashikilia la jini. Mama mkwe akamjibu, "Jini halivuti sisimizi."

Tulipofika hospitali nilikuwa nimembeba mgongoni kama mtoto mchanga. Anatapika, anahema kwa nguvu kama aliyekimbizwa, mdomo unanukia nanasi lililoiva kupita kiasi. Mashine ya kupimia haikutoa namba, iliandika HI. Mimi nikadhani inatusalimia. Muuguzi ndiye aliyenieleza kwamba sukari imepita pale mashine inapoishia kusoma.

Tangu hapo mimi na wazazi wenzangu wachache tumekuwa tukizunguka mitaani kuelezea kisukari cha watoto, na watu huniuliza waanzie wapi. Wengine ni wazazi, wengine walimu, wengine vijana wa kikundi wanaotaka kufanya jambo tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Barua ya serikali ya mtaa na ruhusa ya ofisa elimu mtazipata, mkifuatilia. Huko sikai. Shida iko kwingine.

Shughuli tuliyoizoea ni hema uwanjani, muziki, fulana, na kupima presha na sukari bure. Wanaokuja ni wazee wenye presha zao, na ni vizuri waje. Ila mtoto ambaye kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, hayumo kwenye foleni ile. Amelala nyumbani, amechoka, mama yake anadhani ni homa. Mwaka wa kwanza sisi tuliona tumepata ufumbuzi: tukaingia shule moja tukapima watoto darasa kwa darasa, tukamaliza boksi nne za vijiti vya kupimia. Wote wazima. Tukapongezwa sana. Sasa fikiria tulichokifanya. Kisukari aina ya kwanza huja pale kinga ya mwili yenyewe inaposhambulia sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini, na dalili zikishaanza mambo huharibika ndani ya wiki chache. Mtoto aliyepimwa Jumatatu akaonekana mzima anaweza kuugua mwezi ujao, na mama yake atakuwa na jibu tayari: huyu alipimwa shuleni, hana. Vijiti vile vilikuwa haki ya watoto wanaojitoboa kidole kila siku, na ya mtoto mwenye dalili. Msirudie kosa letu.

Badala ya kumtafuta mtoto mgonjwa kwa mashine, wafundisheni watu ambao tayari wanamwona. Huyu mtoto anakunywa na kukojoa mbele ya watu. Ustadhi wa madrasa anajua nani anaomba ruhusa kila baada ya dakika kumi. Matroni wa bweni anajua godoro gani linaanikwa. Mama anayeuza barafu na ubuyu getini anajua nani anamaliza maji kwenye ndoo yake. Muuzaji wa duka la dawa ndiye anayeombwa dawa ya malaria bila cheti. Hata fundi cherehani: mzazi anayeleta sare ya mtoto anayekua ipunguzwe badala ya kuongezwa, hapo pana neno. Tumekaa vijiweni na watu hawa mmoja mmoja, dakika ishirini kila mmoja, bila kipaza sauti. Hakuna picha nzuri za kurusha mtandaoni, ndiyo maana wafadhili hawaipendi kazi hii.

Na si mawazo yangu tu. Mji wa Parma, Italia, walibandika mabango shuleni yenye ujumbe mmoja kwa wazazi na walimu: mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani akianza tena, huenda ni kisukari. Madaktari wa watoto wakapewa mashine za kupimia. Kabla ya hapo, watoto 78 katika kila 100 waliogundulika walifika damu ikiwa imeshajaa tindikali, hali ileile ya binti yangu ya kuhema na kunuka matunda, inayoitwa ketoasidosisi. Kati ya 1991 na 1997 wakabaki 12 na nusu katika mia. Bango na mashine, basi.

Uingereza wana kampeni yao ya herufi T nne, dalili nne zinazoanza na T kwa Kiingereza. Sisi Kiswahili kimetupa K nne bila kuhangaika: Kiu, Kukojoa, Kukonda, Kuchoka. Watoto wanaziimba kwa kupiga makofi. Bango letu alilichora kijana wa mtaani: shuka limeanikwa kambani, jagi la maji, gauni linalopwaya, na chini kabisa mstari wa sisimizi, ambao nililazimisha uwepo. Daktari mmoja alinionya watu wasije wakawasubiri sisimizi ndipo wapime. Ana haki, kwa hiyo tunasema kila mara: wasipokuwepo haina maana kwamba mtoto ni mzima. Lakini wazee wakiwaona sisimizi kwenye bango hucheka, halafu huanza kusimulia, na mkutano unakuwa wao.

Ukishamfundisha mtu K nne, mpe na sentensi ya kusema. Hili nalikazania kuliko yote. Mama anaweza kujua dalili zote halafu akafika mbele ya meza ya daktari akanyamaza, kwa sababu tumelelewa kumwona daktari kama hakimu. Sisi huwa tunafanya mazoezi. Mmoja anakuwa nesi mwenye haraka, mwingine mama. "Nesi, samahani, naomba umpime na sukari." Mara ya kwanza sauti haitoki. Nesi wa maigizo anafoka, "Wewe ndiye daktari?" Wanawake wanaangua kicheko, na kicheko hicho kinaonyesha wamekutana naye. Tunarudia mpaka sauti itoke: "Hapana nesi, ila nitashukuru ukimpima." Kipimo chenyewe ni tone moja na sekunde chache. Mtoto mwenye dalili akipimwa muda wowote akakutwa na sukari ya 11.1 mmol/L au zaidi kwenye mashine, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, isingojwe kesho.

Kuna tatizo jingine, na hili lipo ndani ya lugha yetu. Tunauita "ugonjwa wa sukari", basi kila mtu anajua dawa yake: mnyime sukari. Ndiyo maana niliulizwa na shangazi watatu nilikuwa namlisha pipi ngapi. Aina ya kwanza hailetwi na pipi. Wapo vijana wanaopata aina ya pili, hasa wenye uzito mkubwa, na mazungumzo ya chipsi na soda yana mahali pake, ila mkiyachanganya siku moja na K nne, wazazi wataondoka na lawama tu.

Jina hilo nusura limuue binti yangu akiwa darasa la sita. Alidunga insulini asubuhi, kipindi kikapitiliza muda wa kula, sukari ikashuka. Akaanza kutetemeka na kutoka jasho, akatoa soda yake kwenye begi. Mwalimu akamnyang'anya kwa mapenzi kabisa: "Wewe una sukari, hii ni sumu kwako." Simlaumu, nani alimwambia tofauti? Kwa hiyo kila mnapoingia shule, semeni pia upande huu wa pili. Mtoto anayetumia insulini akitetemeka, akitoka jasho, akikasirika bila sababu au akiongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida nusu chupa au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, mpime, ikiwa bado chini ya 4 rudia, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimwagie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Nasema haya kwa kujiamini, lakini tulianguka mtihani huohuo hadharani. Mwaka 2019 tuliandaa bonanza. Tukio lianze saa mbili asubuhi, watoto wamedunga na kunywa chai nyepesi wakitegemea chakula cha saa nne. Mgeni rasmi alifika saa tano kasorobo. Hatukuthubutu kugawa chakula kabla yake. Kijana wa miaka 14 akaweweseka jukwaani, watu wakasema jua. Tukatafuta soda uwanja mzima, hakuna, kwa sababu sisi wenyewe waandaaji tulipiga marufuku soda: si ni siku ya kisukari? Mwendesha bodaboda ndiye aliyekwenda kununua dukani. Tangu siku ile saa ya chakula haimngoji mtu, na ndoo ya soda huwa chini ya meza kuu. Mgeni rasmi akichelewa atatukuta tunakula.

Jambo ambalo nilichelewa kulielewa ni la kumpandisha mtoto jukwaani. Nilimsimamisha binti yangu mara nyingi, asimulie, watu walie. Alipofika 13 akaniambia, "Mama, sitaki tena kuwa mfano." Nikakasirika, kumbe mtaani kulikuwa na minong'ono: nani atamwoa, atazaa? Siku hizi hakuna mtoto anayesimulia asipotaka mwenyewe, na jina la ugonjwa wake halitajwi shuleni bila ridhaa yake, isipokuwa kwa walimu wanaopaswa kumsaidia. Vijana tunawaacha wakutane peke yao, wazazi nje. Huko ndiko wanakoambiana ukweli, kwamba fulani anaruka sindano bwenini ili asionekane. Mimi naruhusiwa kuingia mara moja tu, kuwasimulia kwamba mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini, Januari 1922 huko Toronto, alikuwa kijana kama wao, Leonard Thompson, miaka 14. Na kwamba 14 Novemba ni siku ya kuzaliwa ya Frederick Banting, mmoja wa walioigundua. Wanapenda habari hiyo kuliko hotuba zangu zote.

Kabla ya kubandika bango la kwanza, ulizeni watoto watapelekwa wapi. Kuamsha watu halafu hakuna insulini ni ukatili. Nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya, ulizeni kliniki ya kisukari ya watoto ipo siku gani. Chama cha Kisukari Tanzania kimeshirikiana na miradi ya kimataifa kama Life for a Child na Changing Diabetes in Children kuwapatia watoto insulini na vifaa. Waulizeni kituo kilicho karibu nanyi. Wasio na friji wafundisheni mtungi wa kuhifadhia insulini: chupa ya insulini ndani ya mfuko usiopenya maji, ndani ya chungu kidogo, chungu kimekalia mchanga wenye unyevu kivulini. Isiwekwe kwenye friza kamwe; iliyoganda haifai tena.

Mwezi uliopita alinipigia mama muuza barafu wa getini, yule tuliyekaa naye miaka miwili nyuma akionekana hasikilizi. "Kuna mwanafunzi wa darasa la tatu anamaliza ndoo yangu," akasema, "na suruali ameifunga kamba." Jioni tulikwenda kwao pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa. Mashine ikasoma 24. Mtoto alikwenda hospitali anatembea kwa miguu yake, amebeba chupa yake ya maji.