Huku Uingereza mke hakusainii hivi hivi

Mdogo wangu kaniuliza juzi kwenye simu, tena kwa hofu, kwa nini nimesaini hati ya uwakili ya kudumu (huku wanaiita Lasting Power of Attorney), yaani makaratasi ya kumpa wifi yenu mamlaka juu ya hela na nyumba yangu wakati mimi mzima, siumwi popote. Shangazi naye kasema huo ni uchuro. Nawajibu wote kwa pamoja, maana wengi wenu mna ndugu huku na wao hili hawajalifanya.

Huku England na Wales ukipata kiharusi leo, au ajali ya kichwa, ukawa huwezi kuamua mambo yako, mke hana ruhusa ya kugusa akaunti yako, wala mtoto wako mkubwa, wala kaka aliyekusomesha. Nyumbani tumezoea ukoo unakaa, mjomba anasema neno lake, mambo yanakwenda. Huku benki haisikilizi ukoo. Hospitali watawauliza ndugu mgonjwa mwenyewe angependa nini, lakini uamuzi wa matibabu unabaki kwa daktari.

Kuna dada mmoja mwenzetu mume wake alianguka kazini, akawa haongei wala haelewi kitu. Nilikaa naye mezani tukifungua barua, gesi, kodi ya halmashauri, mkopo wa nyumba, zote jina la mume. Akapiga simu benki kuwaeleza hali ilivyo akitegemea watamsaidia, kumbe waliposikia tu mume hawezi kuamua tena wakaibana hata ile akaunti yao ya pamoja, mshahara wake mwenyewe umo humo humo na hawezi kuutoa. Ikabidi aombe kwenye mahakama inaitwa Court of Protection imteue msimamizi, na huko ni miezi ya kusubiri, ada ya maombi tu inazidi pauni 400, halafu kila mwaka analipia kusimamiwa na anaandika ripoti hela za mume wake amezitumiaje. Yule dada alikonda jamani.

Sasa hiyo hati ya uwakili ya kudumu ndiyo inazuia yote hayo. Ziko mbili, moja ya fedha na mali, nyingine ya afya na matunzo. Ya fedha ukiruhusu inatumika hata ukiwa mzima, ya afya haifanyi kazi mpaka wewe mwenyewe ushindwe kuamua. Ada ni pauni 92 kila moja tangu Novemba 2025, na mwenye kipato chini ya pauni 12,000 kwa mwaka anaweza kuomba alipe nusu. Mwanasheria si lazima.

Shangazi, hofu yako ya watu kunyang'anywa mali wameifikiria. Lazima apatikane mtu asiye ndugu, anayekufahamu vizuri angalau miaka 2, au daktari au mwanasheria, athibitishe unaelewa unachosaini na hakuna anayekushurutisha. Na saini zina mpangilio wake, unaanza wewe, anafuata huyo anayethibitisha, wale uliowapa mamlaka wanasaini mwisho, tarehe zikipishana fomu inarudi. Siku ile nilikuwa nasoma kila tarehe kwa sauti kabla kalamu haijaenda kwa mwingine. Baada ya hapo inapelekwa Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosajili hati hizi, wiki 8 mpaka 10, na isiposajiliwa haitumiki kabisa.

Wizi unaweza kutokea, sitawaficha, lakini nikiwa na akili zangu naweza kuifuta. Nimeweka watu wawili, na kila mmoja anaweza kufanya kazi bila kumsubiri mwenzake. Nikifa inaishia hapo, wosia ndio unashika. Kiwanja cha nyumbani nacho kina taratibu za huko huko, msije mkaenda ardhi na hati ya Uingereza. Scotland nao wana sheria yao.

Ninayemuwazia kweli ni mama mkubwa. Kaanza kurudia maswali, anasahau jiko, na watoto wake wanaona aibu kumgusia. Hata daktari akishasema ni ugonjwa wa kusahau bado anaweza kusaini ili mradi anaelewa anachosaini, lakini akivuka hapo hakuna fomu itakayopokelewa, itabaki mahakama tu. Kwa hiyo shangazi, wewe anakusikiliza kuliko sisi, mpigie wiki hii uongee naye.