Mkuu USIFUTE hiyo posti, mimi nilifuta na mpaka leo najuta

Weka simu chini kwanza. Usibonyeze hicho kitufe cha kufuta, nakuomba kama ndugu yangu, nimesoma swali lako tumbo likanivuruga maana ni mimi kabisa yule wa miaka ile. Umeposti daraja limekatika basi limetumbukia, watu kwenye komenti wanakwambia video ya zamani, sasa unauliza uifute kimyakimya kabla haijafika mbali, utumie apu gani kukagua video, na utaziwahi vipi peji kubwa. Mkuu, ishafika mbali.

Mimi nilikuwa na peji ya habari, sio kubwa kivile ila watu walikuwepo. Usiku mmoja jamaa akanirushia picha, ghorofa limelala chini, nondo zimechomoza, watu wanafukua kwa mikono, na jina la jengo kaandika. Jengo nalijua. Sikupiga simu hata moja. Nikaandika HABARI ZA HIVI PUNDE kwa herufi kubwa, nikaweka na vile vitaa vyekundu vitatu, nikatupia. Dakika kumi tu simu haikai mezani, inatetemeka mpaka inatembea, laiki, shea, na mimi nacheka peke yangu chumbani kama mwehu.

Kumbe kilichoanguka ni ukuta wa uzio wa jirani, hakuna hata aliyechubuka, na picha ni ya nchi nyingine kabisa, ina miaka.

Lakini hapo bado sijaharibu, kuposti uongo bila kujua wanakosea hata wakubwa. Nilipoharibu ni hapa. Kwenye komenti alikuwepo dada kaandika "Mimi naishi hapo ghorofa ya tatu, jengo limesimama, nawaandikia nikiwa kitandani." Mwingine kaweka linki ya picha yenyewe na tarehe yake. Yaani masahihisho yalishakuja, bure, watu wanayalaiki yanapanda juu. Mimi nikaona aibu, nikafuta. Nilipofuta posti nikawa nimemfuta na dada wa ghorofa ya tatu, na ile linki, vyote. Kilichobaki duniani ni skrinshoti, na skrinshoti haibebi komenti, inabeba jina la peji yangu na vitaa vitatu.

Zikaingia WhatsApp. Kufika asubuhi maneno yameshabadilika, sasa ni "ile peji imeamriwa kufuta, kuna kitu kinafichwa". Mimi! Niliyefuta kwa aibu zangu, nimekuwa shujaa aliyenyamazishwa. Ningecheka kama siku hiyohiyo asingenipigia mama mmoja, mwanae anakaa kwenye lile jengo na simu ilikuwa imezima chaji, mama kapanda gari usiku uleule, kafika alfajiri, mtoto anafungua mlango na mswaki mdomoni. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulipojua sio kweli, uliandika wapi?"

Sikuwa na pa kumwonyesha.

Na aliyenifundisha kufuta ni mwalimu wa kozi ya mtandaoni, nilimlipa kwa hela yangu mwenyewe, jamaa ana tai na kujiamini kwingi. "Kwanza kasi, usahihi baadae, ukikosea futa, watu husahau." Wanasahau nani? Cheti alichonitumia kimekosewa jina langu, na hicho hakukifuta.

Kuna watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichambua habari kama 126,000 zilizozunguka Twitter kuanzia 2006 mpaka 2017, wakatoa matokeo 2018, za kweli zilitumia karibu mara sita ya muda wa zile za uongo kuwafikia watu 1,500. Sahihisho linaanza mbio likiwa nyuma tayari, halafu wewe unataka kulivunja miguu. Redio ya NPR ya Marekani Januari 2011 walitangaza mbunge Gabrielle Giffords kafariki kwa risasi, vyombo vingine vikabeba, kumbe mama wa watu yuko hai. Hilo ni kosa kubwa kuliko lako na langu tukiyajumlisha, ila walitoka hadharani wakasema tumekosea, wakaomba radhi.

Sasa fanya hivi. Kama uliposti Facebook, editi palepale, kila aliyeishea kwa kitufe cha shea ataona maneno mapya, ukifuta ataambiwa tu haipatikani, na yeye atajaza mwenyewe sababu. Kama ulipeleka na WhatsApp, ile "futa kwa wote" inafuta ya kwako tu, zilizoforwadiwa haizigusi, hata kuediti ni ndani ya dakika 15 na hakuzifikii. Huko tengeneza picha mpya, chukua fremu ya hiyohiyo video, andika SI KWELI nene katikati, katikati nimesema, ukiandika pembeni watakata, kisha irushe kwenye magrupu yaleyale uliyorusha mwanzo.

Pa kuondoa ni sehemu moja tu, kama umeweka sura ya mtu asiyehusika. Baada ya mabomu ya Boston 2013 watu wa mtandao wa Reddit walimshuku mwanafunzi ambaye hakuhusika hata kidogo, na familia yake wakati huo ilikuwa inamtafuta, amepotea. Sura toa haraka, ila maneno ya kukiri yabaki. Wewe umeweka daraja, daraja halina mama.

La apu sijui niseme nini, watakuja wanaojua. La kuziwahi peji kubwa sitaki hata kuligusa, ndilo lililotuleta hapa.

Nenda kwenye posti yako, mstari wa kwanza kabisa, juu ya neno daraja, andika NIMEKOSEA, VIDEO HII NI YA ZAMANI, na saa uliyojua. Usiandike "daraja liko salama" kama hujampata mtu aliyesimama pale, utakosea mara ya pili. Halafu pini komenti ya yule aliyekusahihisha, hata kama kakuita mjinga. Ukimaliza tupia skrinshoti hapa tuone.