Kwa mnaoanza kuongoza wageni kwa mtumbwi Malagarasi

Wadogo zangu, najua wengi wenu mmepiga kafi tangu utotoni. Lakini kuvua ni kazi moja na kupeleka wageni ni nyingine. Mtumbwi ukiyumba mvuvi hutulia, mgeni husimama.

Kwa hiyo anza ungali nchi kavu. Kila mtu avae jaketi okozi na kulifunga, wewe ukiwa wa kwanza. Waketishe chini kabisa ndani ya mtumbwi, mzito akae katikati. Kisha tazama ukingo: ukiona umebaki vidole vinne tu juu ya maji, mteremshe mmoja, hata kama ameshalipa.

Jambo kubwa ni kiboko. Akishtuka hukimbilia maji ya kina, na ukiwa kati yake na kina, wewe ndiye uliyemzibia njia. Ndiyo maana tunaambaa upande wa maji mafupi, pondo ikigusa chini muda wote. Kabla ya kona ya mafunjo gonga ubavu wa mtumbwi mara mbili tatu, unyamaze, usikilize. Ukiwaona kundi, hesabu vichwa na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu aliyezama lazima aibuke kupumua. Tena vile vichochoro vilivyo wazi katikati ya mafunjo mara nyingi wamevifungua wao. Ukikuta mafunjo yamelazwa upya na tope bado linatifuka majini, mwenyewe yumo. Geuza. Mgeni akinung'unika, mwache anung'unike. Atafika nyumbani salama.

Wengi wanakuja kumtafuta korongo nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana ajabu. Anaweza kusimama pale pale muda mrefu, akivizia kamongo au kambare aje juu kuvuta hewa. Waeleze wageni hilo, watavumilia kungoja. Akiacha kutazama maji akawatazama ninyi, mmeshamkaribia mno: rudini nyuma polepole. Msimrushe kwa ajili ya picha, hasa akiwa kwenye kiota. Jua likiwa kali wazazi huteka maji kwa mdomo na kuyamwagia mayai yapoe, na ukimfukuza mzazi saa sita mchana mayai yanabaki yakiungua. Hili naliombea kwenu kwa moyo wote, maana ndege huyu akihama, atahama na riziki yetu.

Mkiulizwa kuhusu eneo, semeni kwa uhakika: ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi iliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, mwaka 2000, ya kwanza Tanzania, na ina ukubwa wa takriban hekta milioni 3.25. Maji yake huishia Ziwa Tanganyika. Vibali vya hifadhi vikaguliwe siku moja kabla, si asubuhi ya safari.

Ondokeni alfajiri, mrudi kabla upepo haujakaza. Upepo husukuma visiwa vya mafunjo yanayoelea, na njia mliyoingilia inaweza kuzibwa mkiwa ndani. Beba panga na pondo ya akiba. Mwachie mtu kijijini maelezo ya njia unayopita na saa ya kurudi, maana huko ndani simu haishiki, na asipokuona saa hiyo ajue aanzie wapi kukutafuta.